Kitambaa cha Mtungi

Mjukuu wa dada yangu, anayekaa Dar es Salaam, kanitumia picha kwenye simu. Sweta la mtoto mchanga. Mwili umefumwa kawaida, hauna mbwembwe, na kuanzia kwapani kwenda juu ni lesi, matundu kwa matundu, kwa uzi uliofifia kidogo kuliko wa chini. Akaandika: "Bibi, wanasema hili ni rahisi. Unaweza?" Nikacheka peke yangu mpaka paka akanitazama. Ati ninaweza! Mimi nilishikishwa sindano kabla sijaota meno ya pili. Lakini kilichonichekesha zaidi ni ile rangi ya juu. Wao wanaiita fasheni. Mimi nilikwisha kuiona zamani, na haikuwa fasheni hata kidogo. Kaa basi, chai yako ingali moto, nikueleze.

Miaka ya hamsini tulikaa Makorora, hapa Tanga, mimi, mama na bibi yangu. Baba alikuwa Pangani akisimamia minazi ya watu, tukimwona kwa nadra. Nyumba ilikuwa ya Bibi, na sheria zilikuwa za Bibi. Kazi yangu mimi ilikuwa maji: asubuhi bombani na ndoo, nirudi nijaze mtungi uliokaa kwenye kona ya ukumbi, pale palipopita upepo. Maji ya mtungi ule yalikuwa na ubaridi na harufu ya udongo. Siku hizi nayanywa ya friji, yananiuma meno, kiu haikatiki.

Bibi alikuwa fundi wa kufuma, jambo la kuchekesha kidogo katika mji wa joto kama ule. Wanawake wengine wa mtaani walifuma vitambaa vya meza kwa kulabu na uzi wa pamba. Bibi alifuma sufu. Ujanani alikuwa yaya katika nyumba ya Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge, na mama yake yule Mgiriki alishinda barazani akifuma. Hakuna aliyemfundisha Bibi. Alitazama tu mpaka akajua. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli, fundi baiskeli alimnolea ncha. Zilikuwa zikigongana kwa mlio mwembamba, tik, tik, na mpaka leo nikisikia mlio wa namna hiyo naona kama jikoni kuna mtu anasonga bada, ugali wa muhogo.

Uzi aliununua kwa Mhindi mwenye duka karibu na soko. Yule bwana alikuwa kaleta gunia zima la sufu ya manjano, manjano ya kiini cha yai la kienyeji, na sijui nani alimdanganya. Nani Tanga anunue sufu? Bibi akawa mteja wake wa pekee, naye akimwona tu anacheka, "Karibu, mama wa baridi!"

Sasa, tuliyepakana naye ukuta alikuwa mwanamke wa Kisambaa kutoka Lushoto, Mlutheri, mumewe akifanya kazi reli. Mtaani kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto, mama fulani. Yeye tulimwita Jirani. Si kwa ubaya. Hatukuwa na jina lingine la kumpa. Mara mbili alibeba mimba mpaka mwisho, na mara mbili mtoto akaja bila kulia.

Kila adhuhuri Jirani alikuja kwetu kunywa maji. Kwao palikuwa na maji, lakini aliyataka ya mtungi. "Hodi, Mama. Shikamoo." "Marahaba, mwanangu, pita." Hufunua kile kitambaa cha manjano kilichofunika mtungi, achote kwa kata, achutame anywe kama Bibi alivyomzoesha, kisha arudishe kitambaa na kukinyoosha pembe zote nne kwa vidole. Alikuwa hakosei. Mimi nikiacha pembe moja imekunjwa nilikuwa nasemwa na Bibi. Jirani hakusemwa hata siku moja.

Na kwetu, ujue, mtoto hafanyiwi nguo kabla hajafika. Wala kofia, wala soksi, wala winda. Kumshonea aliye tumboni ni kumwita mkosi kwa jina lake, hasa kwa mwanamke aliyekwisha kupoteza. Waislamu walisema hivyo, Wakristo walisema hivyo, na Jirani kule kwao milimani walisema hivyo hivyo.

Bibi aliiheshimu mila hiyo, ila alikuwa na njia yake ya kuipitia ubavuni. Sweta ukilifuma kutoka chini, mpaka kwapani ni kipande tu. Halina shingo, halina mabega, haliwezi kuvaliwa na mtu. Basi mimba ya mtu wake ikikomaa, Bibi hufuma kipande. Ukimuuliza anafuma nini, atakujibu, "Kitambaa." Cha nini? "Kwani lazima kiwe cha nini?" Akifika kwapani anaacha. Vitanzi vya mwisho havifungi, anavipitishia uzi wa pamba visifumuke, anaweka. Sehemu ya juu haigusi mpaka asikie kwa masikio yake mtoto amelia. Hapo ndipo huanza lesi. Na kwa nini lesi? Mimi nilidhani ni urembo. Mama akaniambia tundu halili uzi, basi.

Jirani akashika mimba ya tatu, na ilipokomaa Bibi akaanza kipande. Mimi nilikuwa namshikia uzi mikononi akizungusha donge, na siku moja kazi ikiendelea nikawa natazama mtungi. Kitambaa cha mtungi kilikuwa na upana ule ule. Rangi ile ile, ila imechujuka kwa maji na kufuliwa. Na juu, badala ya ukingo, kilikuwa na vitanzi vilivyopitishiwa uzi wa pamba. Nikageuka nikatazama cherehani ya mama. Nayo ilifunikwa kwa kitambaa cha manjano, na nacho kina vitanzi vile vile. Nikafungua mdomo niulize. Mama, aliyekuwa anachagua mchele, akanifinya paja, finyo la kukumbuka. "Nyamaza," akasema. Usiku ule sikunywa maji ya mtungi. Niliogopa.

Tukangoja. Tumbo la Jirani likashuka, mwezi ukaandama, mtoto haji. Mkunga akija anapapasa, anasema bado. Na Bibi mikono ilikuwa haijui kukaa. Juu hawezi kwenda, kuacha hawezi, basi akawa anaongeza chini ya kwapa, mstari juu ya mstari, tik, tik, kutwa nzima. Mama akamwambia, "Mama, huyo mtoto ni twiga?" Bibi akaanza mstari mwingine. Kile kipande kikarefuka mpaka kikawa kama kanzu.

Mtoto alizaliwa saa nane mchana, jua limesimama, mtaa mzima umelala. Bibi alikuwa ameketi chini, mgongo ameuegemeza ule ukuta wa kupakana. Tulimsikia mkunga, tukamsikia Jirani, kisha kimya. Kimya kile sikutamani kukisikia tena maishani. Halafu, lo! Mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama aliyeamshwa kwa nguvu. Bibi hakusema alhamdulillahi wala nini, akachomoa ule uzi wa pamba na kuanza kurudisha vitanzi kwenye sindano, vikawa vinamponyoka mpaka mama akaja akamsaidia.

Ndipo tukaona msiba wa donge. Uzi uliobaki haukufika hata bega moja. Nikatumwa mbio kwa Mhindi. "Imekwisha," akasema, "na mimi sufu sileti tena, nimekoma." Na sweta lilihitajika kweli, si pambo. Arobaini ikiisha, Jirani alikuwa ampeleke mtoto Lushoto kwa mama yake, na ilikuwa miezi ile ambayo kule watu wanatoka asubuhi na blanketi mabegani. Mara mbili alikwisha kupanda mlima ule mikono mitupu. Safari hii alitaka apande na mtoto aliyevaa.

Mama akasema jambo la akili: "Si ufumue huo urefu uliozidi? Uzi tele huo." Bibi akamtazama kama aliyetukanwa. "Mtoto kashafika, mie nianze kumrudisha nyuma? Weye una wazimu!" Mjadala ukaishia hapo. Akakaa. Macho yake yakaenda kwenye mtungi, yakarudi, yakaenda tena. Kile kitambaa hakukigusa. Hakikuwa chake, na mwenyewe Jirani, Bibi aliamini, hajui ni kitu gani. Miaka yote ile alimficha. Sasa akikifumua bila kumwambia ni wizi, na akimwambia atamtonesha mzazi kidonda naye yuko kitandani. Nilimwona Bibi hana la kufanya, mara ya kwanza katika maisha yangu, na nilimwonea huruma.

Kesho yake akachukua uji wa pilipili manga, mimi nikabeba bakuli, tukaenda kwa mzazi. Chumba kilinukia mafuta ya nazi. Mtoto kalala, kavingirishwa kanga. Bibi akazungumza habari za bei ya samaki, akazungumza mvua, akasifu pua ya mtoto. Hatimaye akaanza, "Mwanangu, kuna kile kitambaa. Kile cha mtungi, kwa mfano..."

"Kile cha wa kwanza," Jirani akasema.

Bibi akatafuta kitanda kwa mkono, akakaa.

"Mama, nakishika kila siku. Ulidhani nafuata maji?" Akamgeuza mtoto ubavu wa pili, bila haraka. "Uzi umekupungukia?"

"Umenipungukia."

"Basi fumua. Ni wa kaka yake, hatakataa. Cha cherehani kiache, yule mwache alivyo."

Bibi alilia. Alilia waziwazi, na mie nikalia kwa kuwa yeye analia, na Jirani ndiye aliyetubembeleza, mzazi wa siku moja. Kisha akanywa uji wake wote.

Kitambaa cha mtungi kilifumuka chepesi, kwa kuwa juu hakikuwahi kufungwa. Nilishika uzi mikononi mwangu wakati Bibi anazungusha, na ulikuwa umejipindapinda, unanuka maji. Lesi ikatoka ya manjano hafifu juu ya mwili wa manjano yaliyokolea. Siku ya arobaini Jirani akamtoa mtoto nje, joto la kuchemsha yai, na sweta mpaka miguuni. "Mama, huko kwetu baridi itaingia kwenye haya matundu," akatania. "Mfunike kanga," Bibi akamjibu, "mie uzi sina." Akapanda nalo Lushoto. Aliporudi alisema wanawake wa kule wote wametaka kujua rangi mbili zile zimechanganywaje, wamependa. Hakuwaambia. Mtungi wetu ulifunikwa kwa sahani tangu siku hiyo, na Jirani, ambaye sasa alikuwa mama fulani kama wenzake, hakuja tena kunywa maji adhuhuri. Nilikasirika kidogo. Nilidhani ametusahau.

Sweta lile lilivaliwa na watoto wa mtaa mpaka likaisha, hata sijui liliishia kwa nani. Palipokuwa duka la Mhindi sasa panauzwa simu. Ukuta wa kupakana umevunjwa, pamejengwa ghorofa, na anayekaa upande wa pili simjui wala yeye hanijui. Kitambaa cha cherehani ninacho sandukuni. Sijakifumua, sijakimalizia.

Na huyu wa Dar? Wao wanajua tayari ni wa kike, jina limepatikana, kitanda kimenunuliwa, picha yake angali tumboni imezungushwa ukoo mzima. Siwalaumu, ndiyo dunia yao. Juzi alikuja Tanga kunisalimu, tumbo mbele. "Bibi, sweta langu limefika wapi?" Nikamwambia bado. Akaona kiu. Akaenda mezani, akafunua jagi nililolifunika kitambaa kipya cha sufu, juu kina vitanzi vilivyopitishiwa uzi wa pamba, akamimina maji, akanywa amesimama, kisha akarudisha kitambaa na kukinyoosha pembe.

"Kitambaa kizuri, Bibi," akasema. "Cha nini?"

"Kwani lazima kiwe cha nini?" nikamwambia.