Mayai ya Kuchemsha Nyumbani kwa Mama Mkwe

Tangu siku niliyoingia nyumbani kwake Rwezamenyo, mjini Kigali, mama mkwe aliniita "mwana wangu". Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, huko Karagwe nilikokulia, na kusema kweli maneno yale mawili yalinishika kuliko mume mwenyewe. Kisha nikaanza kula kama wakimbiaji wa mtandaoni, na nikaacha kuyasikia.

Mimi ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Si wa kutisha, ila mbishi. Kila marathoni nilikuwa nazimika mwishoni, miguu inakataa kabisa, na wanaume wenye vitambi wananipita huku wananipa pole. Hizo pole ndizo zilizonitia wazimu. Nikasoma kwamba kosa langu ni wanga: acha viazi, wali, ndizi, hata maharage, kula nyama, mayai, mboga na parachichi kama watu wa kale, na mwili utajifunza kuchoma mafuta yake wenyewe. Niliamini kama mtu aliyeokoka jana.

Sasa jaribu kuacha viazi, ndizi na maharage katika nyumba ya Kigali. Unabaki na chumvi. Mama akipakua, mimi najichemshia mayai yangu na kuyamenya mezani, nakata parachichi kwa kisu changu, nakunywa maji kutoka chupa yangu ya mazoezi.

"Kula kidogo tu, mwana wangu," aliniambia siku moja. Alikulia Bujumbura na Kiswahili chake hakina haraka. "Viazi iko laini."

"Siwezi, mama. Ni kwa ajili ya mazoezi."

"Mutu anakimbia, si anakula mingi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaifunika sahani aliyonipakulia kwa sahani nyingine, akairudisha jikoni.

Mazoezi nayo yalikuwa balaa. Nikipanda kilima kutoka Muhima nilisimama nimeegemea ukuta wa duka, kichwa kinagonga, mdomo unanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Harufu ya chipsi ilinitoa machozi hadharani, mwanamke mzima. Nilijipa moyo kwamba mwili bado unajifunza.

Nyumbani, mama aliacha kunikaribisha mezani. Kisha akaacha kusema nami. "Mwambie bibi ya kaka yako maji ya kuoga iko tayari," alimwambia wifi yangu, nami nimekaa palepale, goti langu karibu liguse lake. Mume wangu akasema mama amechoka tu. Mimi nikajua ni kwa sababu sijapata mtoto. Niliwaza hivyo nikikimbia, niliwaza hivyo nikioga, na bafuni nililia nikiwa nimefungulia bomba wasinisikie. Nilikuwa nampoteza mama wa pili, na sikujua nimpigie magoti kwa kosa gani.

Mwishowe nilimshika wifi mkono akiosha vyombo. Nikamsihi aniambie kama ni habari ya mtoto. Alinitazama kana kwamba namtania.

"Mtoto gani? Wifi, weye unakula mayai iko na ganda yake. Avoka unakata weye mwenyewe. Maji iko kwa chupa yako, hapana mutu anagusa. Hapa, mutu anakula hivyo ni mutu anaogopa sumu. Mama anasema unaona yeye ni mrozi."

Nikakaa sakafuni kwenye maji ya vyombo. Nilikulia katika nyumba ambayo watoto tuligombania sahani. Hakuna aliyewahi kukataa chakula, kwa hiyo sikuwahi kujua kukataa kunasema nini. Mayai, parachichi, chupa. Hata kama ningekusudia kumtukana mama wa watu nisingeweza kuchagua vizuri zaidi.

Nikaenda jikoni mbio. "Mama, nisamehe. Nina njaa. Nipakulie."

Alipakua viazi, ndizi, maharage na dodo, ule mchicha wa huku, sahani ikajaa. Nikanyoosha mikono. Akaiweka sahani mbele yake mwenyewe, akachukua kijiko, akala kiazi. Akala ndizi. Akala maharage, akatafuna polepole, akameza huku ananitazama machoni. Kisha akaisukuma kwangu.

"Sasa kula."

Nilikula yote nikilia, na makamasi juu. Nilimweleza habari ya wanga, ya mafuta, ya watu wa kale, na yeye akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni.

Siku hizi nakula viazi kama kila mtu, na bado nazimika mwishoni mwa mbio. Mama anasema nami, tunachambua maharage pamoja, ananiulizia magoti yangu. Lakini kila anaponipakulia, mpaka leo, kijiko cha kwanza anakula yeye. Nimeshamwomba aache. Anasema hapana shida. Basi nakaa mezani mikono mapajani, namwangalia anavyotafuna, nikingoja siku atakayosahau.