Kijiji Kisichofiwa

Nilitumwa kwenda kuhesabu wagonjwa na wafu. Enzi zile za vijiji vya ujamaa, ofisi ya mipango nilikokuwa karani ilitaka kujua maradhi na vifo vinapunguza vipi nguvu kazi mashambani, na kijiji kitakachoonekana kuumia zaidi ndicho kingepewa zahanati. "Usiwaambie habari ya zahanati," mkuu wangu alinionya, "watakudanganya." Akanipa siku tano.

Treni ilinishusha Manyoni alfajiri, nikiwa na kola iliyopigwa pasi na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Mchana nilikuwa juu ya magunia ya mtama, kwenye lori lililokwenda Kilimatinde likikohoa. Nikashuka hapo, nikatembea saa mbili huku nikinung'unika hadi kijijini.

Mwenyeji wangu alikuwa Mama Yohana, mjane asiyepoteza maneno. Nilimwamkia shikamoo; akaniangalia viatu. "Marahaba. Hivyo ndivyo utakavyolimia?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwa siku tatu nilipita nyumba kwa nyumba, nikisimama mlangoni na fomu na kalamu. Nani alishindwa kulima mwezi huu kwa ugonjwa? Wote! Mzee Chilewa, jirani yetu, alinionyesha goti, mgongo na jino, na alipoona bado naandika akaongeza macho. Nani amefariki hapa tangu mhamie? Hakuna. Nyumba zote, hakuna.

Jioni ya siku ya tatu nilijumlisha majibu. Kijiji kizima kilikuwa mahututi na hakuna aliyekuwa tayari kufa! Mkuu angenirudisha kwenye kubandika stempu, lakini hilo lilikuwa dogo. Kijiji kisichofiwa hakipewi zahanati, nami nilikatazwa kusema.

Nikamsomea Mama Yohana zile fomu.

"Wameona karatasi, wamedhani unaandika wa kusamehewa shamba la kijiji," alisema. "Kesho kuna palizi. Nenda ukawaone wagonjwa wako."

"Na wafu, mama?"

"Mfu haulizwi mlangoni, mwanangu, umesimama kama mtoza kodi. Unaingia, unakaa chini, unatoa pole. Halafu unanyamaza."

Asubuhi ya siku ya nne Mzee Chilewa alinipita mistari mitatu kwa jembe, na goti lake lilelile. Mimi nilipata malengelenge, kisha homa, nikalala siku mbili. Wagonjwa wangu wote wakaja kunitazama, wakaniletea uji.

Nilipoinuka nilianza upya. Niliwaambia fomu haimsamehe mtu palizi. Wakapona papo hapo, isipokuwa wachache. Kisha niliingia kila nyumba, nikakaa kwenye kigoda, nikatoa pole, nikanyamaza. Ndipo wafu walipotajwa: watoto wa surua, kijana wa homa, mama aliyefariki kwa uchungu wa uzazi njiani. Kila nyumba ilinilisha ugali wa uwele na mlenda, maana aliyekuja kutoa pole haachwi aondoke na njaa. Mkanda ulinibana tumboni, na mara mbili nililia, wala sioni haya kusema.

Siku ya kumi na mbili nilifunga mzigo. Mama Yohana alisimama uani.

"Nyumba hii hujauliza."

Siku zote hizo nilimwita Mama Yohana, na sikuwahi kuuliza Yohana yuko wapi. Niliona aibu sana. Nikaweka mzigo chini, nikarudi ndani, nikakaa. Yohana alikuwa na miaka saba. Homa ilipompanda, mama yake alimbeba mgongoni kuelekea hospitali ya Kilimatinde, zile saa mbili nilizozinung'unikia, na hakufika naye hai.

Ofisini, mkuu alisoma fomu amesimama dirishani, amenuna kwa siku nilizozidisha.

"Wagonjwa wachache hivi, na mmoja wao ni wewe! Wafu wamejaa hadi nyuma ya karatasi. Na hapa mwisho nilitaka namba, umeandika jina. Yohana ni nani?"

Nikamvutia kiti.

"Mzee, kaa kwanza."

Akakaa. Nilipomaliza akaniuliza kama lori la mabati linaweza kufika kule.