Vyungu Vilivyoishia Mlangoni

Miaka ile ya Zaire, unene pale Baraka ulikuwa heshima, na mama yangu alikuwa nao wa kutosha. Aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni huku amejaza benchi peke yake. Kwa hiyo tumbo lilipoanza kumvimba upande wa kulia, tulimsifu kwamba anazidi kunawiri. Hasira ya kosa hilo bado ninayo.

Hospitalini Bukavu walikuta ni uvimbe, wakamkata kipande cha ini chenye kansa. Daktari aliyempasua akaniita pembeni, mimi binti mkubwa wa mama.

"Ini yake ilijaa mafuta," akasema. "Ile yenye tumebakisha inapashwa kuota tena, lakini ini ya mafuta inapona polepole, inachoka mbio. Mawese hapana, nyama ya mafuta hapana, pombe hapana kabisa."

"Hata siku ya Pasaka?"

"Hata Pasaka."

Tukarudi nyumbani. Kwetu, mgonjwa akitoka hospitali, wanawake wa ukoo huleta vyungu, naye lazima aonje kila kimoja mbele ya aliyekileta. Akikataa, amemwita huyo mchawi. Neno halitajwi, lakini kila mtu hulisikia.

Wa kwanza alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kutoka Lweba. Alivaa kitenge cha chama, uso wa Rais umetanuka juu ya tumbo lake. Sombe yake, kisamvu cha kutwanga, ilikuwa inaogelea kwenye mawese. Nikasimama mlangoni.

"Jambo, shangazi. Aksanti sana, lakini mama hawezi kula hii. Munganga wa hospitali alikataza mafuta."

"Munganga ndiye alimuzaa? Mutu akikatwa tumbo, anapashwa kurudisha mwili! We unataka mama yako akufe na njaa?"

"Nataka apone."

"Basi unaniita mulozi."

Niliogopa, sifichi. Lakini nilishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, na chungu hakikupita. Vya wengine navyo havikupita.

Mama alikula samaki wa kuchemsha na mboga ya lengalenga isiyo na mafuta, akinitukana kila mlo. Macho yake yakaingia umanjano, nikalia jikoni nisimwoneshe. Yakachukua muda mrefu kusafika, na kidonda nacho kikajivuta, lakini kikafunga. Alikonda mpaka nguo zikamning'inia. Baraka nzima ikasema binti anamla mama yake. Nikawaacha waseme, sikuwa na nafasi ya kuwajibu.

Siku aliyorudi sokoni nilimbebea kapu. Wanawake waliniangalia kwa pembe ya jicho. Muuza chumvi akathubutu: "Mama, nani alikuloga hivi?"

Mama akapandisha blauzi mbele ya soko zima. Kovu lilitoka chini ya kifua likapinda hadi ubavuni.

"Hii ni kisu ya munganga," akasema kwa sauti yake ya kuuzia ndagala. "Ini yenye ilibakia ndani, mutoto wangu ndiye aliilinda. Mwenye iko na maneno aje aniambie mimi. Niko muzima."