Pole Inayotoka kwa Kitufe

Kitufe cha Tab kwenye kompyuta ya mwenzangu kilikuwa kinang'aa mafuta. Alikuwa na mazoea ya kula chipsi mezani, mkono mmoja kwenye karatasi, mwingine kwenye vitufe, halafu anabadilisha mikono bila kupangusa. Niliwahi kumletea kitambaa, akakitumia kufutia miwani. Nikikumbuka kisa hiki nayaona mafuta hayo kabla ya kitu kingine chochote, na karaha inanipanda upya, ingawa mafuta yenyewe hayakuwa na hatia.

Ofisi yetu iko ghorofani, Nakuru mjini, upande wa kushukia Bondeni. Tunawaandikia watu programu, na wakati huo mteja wetu mkubwa alikuwa kampuni inayosambaza mbegu za viazi kwa wakulima wa Molo na Kuresoi. Mkulima akiwa na lalamiko, analiandika kwenye simu yake, linaingia kwenye mfumo tulioutengeneza sisi. Kazi yangu, mbali na kuandika msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, ilikuwa kuwafundisha walioajiriwa karibuni. Ndiyo maana ofisi nzima iliniita mwalimu, hata mkubwa wetu.

Somo nililolipenda lilikuwa la vijipande vya msimbo, vile ambavyo ofisini tunaviita snippet. Si jambo gumu, na nikilieleza polepole kila mtu hulishika. Ukiandika msimbo kwa muda, utajikuta unarudia mistari ile ile. Badala ya kurudia, unaihifadhi mara moja ndani ya editor, yaani ile programu tunayoandikia, na unaipa jina fupi. Siku nyingine ukiandika jina hilo na kubonyeza Tab, mistari yote inajimwaga kwenye skrini. Ni kama kununua sukuma wiki iliyokwisha kukatwa na kufungwa kwenye mfuko: bado utapika mwenyewe, ila kazi ya kisu umeondolewa.

Kijipande kizuri huwa na mapengo. Mahali panapobadilika kila mara, kwa mfano jina la mtu au la eneo, unapaacha wazi, na ukibonyeza Tab kile kimstari kinachowakawaka kinaruka hadi pengo la kwanza na kukusubiri. Hapo ndipo nilipokuwa nikiwasimamisha wanafunzi wangu. Msikimbie, niliwaambia. Kwenye pengo kijipande kinakuuliza swali, na ni wewe tu unayejua jibu.

Mwenzangu hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa mwepesi, mcheshi, na alitengeneza vijipande kwa kila kitu. Kimoja alikiita pole.

Huku kwetu pole haina msimu. Mtu akijikwaa, pole. Akikohoa, pole. Akipanda ngazi na mzigo, pole. Unamwambia hata usiyemjua, hata kama si wewe uliyemkosea. Nimeipenda desturi hiyo tangu utotoni kwa sababu moja: huwezi kumwambia mtu pole bila kwanza kumtazama ukaona amebeba nini.

Kijipande cha pole kilikuwa cha sehemu ya malalamiko. Kila aina ya lalamiko, iwe mbegu kuchelewa, kupungua au kuoza, ilihitaji msimbo wake, na mpango wa mwanzo ulikuwa huu: lalamiko liende kwa afisa wa shambani wa kampuni katika eneo lile, lisubiri jibu lake, ndipo mkulima aandikiwe. Pengo la kujaza lilikuwa la jina la afisa. Pengo hilo lilisumbua. Ukilisahau, programu inagoma kuwaka na skrini inajaa maandishi mekundu. Basi mwenzangu akaliondoa, pamoja na mistari yote iliyomhusu afisa. Kikabaki kijipande safi kisicholalamika: tuma ujumbe, "Pole sana, mpendwa mkulima. Lalamiko lako limeshughulikiwa," kisha lifunge. Akakiweka kwenye faili la pamoja, na kila aliyefanya kazi sehemu ile akawa anakitumia. Mkubwa wetu alifurahi mno. Malalamiko yalikuwa yanafungwa kabla mkulima hajarudisha simu mfukoni, na mchoro aliomwonyesha mteja ulikuwa kijani kitupu, rangi ya yaliyofungwa.

Mimi nilikuwa upande wa usajili wa wakulima. Haya yote niliyajua asubuhi moja tu, alipofika mama mmoja, mkulima kutoka Kuresoi.

Alipanda ngazi akiwa amevaa gambuti zenye matope mabichi, na kiroba begani. Harufu iliingia naye, nzito, tamu kwa namna ya kuchukiza, kama kitu kilichofia chini ya kabati.

"Ni hapa mnatuma zile message za pole?" akauliza. "Nimetoka kwa wenye mbegu, wameniambia mambo ya message ni nyinyi."

"Ni hapa, mathe. Karibu," mwenzangu akasema. "Pole na safari."

"Wewe! Usiniongezee ingine. Niko nazo za kutosha."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alinipa simu yake nisome. Ujumbe ulikuwa ule ule, umejirudia, neno kwa neno, koma kwa koma.

"Niliandika mbegu inatoa maji nyeupe. Mkasema pole. Nikaandika tena, pole. Nikaanza kujiuliza, kwani ni nani amekufa kwetu na mimi sijaambiwa?"

"Mathe, hiyo si sisi, ni system."

"Basi niitie huyo system. Nitamngoja."

Akafungua kiroba, akatoa kiazi na kisu, akakikata juu ya meza ya mwenzangu, kando ya chipsi. Ndani kulikuwa na duara la kahawia, na alipokibana kwa kidole gumba, duara lile likatoa ute mweupe mzito, matone yakasimama kama usaha. Mwenzangu alirudi nyuma na kiti chake.

"Aki mathe, nakula!"

"Kula. Hata mimi hizi nilipanga kuzila zikizaa." Akapangusa kisu kwenye leso. "Sikilizeni, mimi swali yangu ni moja. Mvua imeanza. Shamba nimelima. Mbegu nilipewa ni hii, ingine sina. Nipande ama nisipande?"

Tulikuwa vijana wa kompyuta, na kiazi tulikijua kikiwa kimekaangwa. Lakini swali lake lilikuwa limefika kwenye mfumo wetu siku nyingi, na mahali fulani palikuwa na mtu wa kulijibu. Nikamwomba mwenzangu anipishe kitini. Nikafungua msimbo wa malalamiko, nikatafuta ya mbegu zilizooza. Nikayaona yale maneno: tuma pole, funga. Nikatafuta ya mbegu zilizochelewa. Tuma pole, funga. Nikapekua faili baada ya faili, na kila mahali ni mistari ile ile, kama nyayo za mende. Vidole vyangu viliteleza kwenye yale mafuta.

"Afisa wa shambani ako wapi hapa?" nikauliza.

"Nilimtoa. Alikuwa analeta error."

"Sasa haya malalamiko husomwa na nani?"

"Kusomwa?" Alinitazama kama nimeuliza nani huisoma mvua. "Mwalimu, hakuna haja. Yanajifunga."

Alilisema kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionichukiza kuliko kiazi. Nilikuwa nimelipenda neno lile, na hapa lilikuwa limegeuzwa kifuniko cha choo.

Mkubwa wetu akatoka ofisini kwake, tai imeziba pua. Alimsalimia mama, akamwita mteja wetu wa thamani, kisha akanivuta pembeni.

"Mwambie tunashughulikia."

"Nani anashughulikia?"

"Mwalimu, sisi si watu wa mbegu. Tukimwambia asipande, mteja atasema tumeharibu jina lake. Mwandikie kitu kizuri aende."

Alisema hayo huku tai ikiwa bado puani. Nikashindwa kumtazama usoni. Nambari ya afisa wa Kuresoi ilikuwa bado kwenye faili la zamani. Nikaipiga palepale mezani, sauti ikiwa wazi ili mama asikie.

"Malalamiko?" afisa akashangaa. "Mimi nilidhani msimu huu watu wameridhika. Sijaletewa hata moja."

Mama akainama kwenye simu akamweleza: duara, ute, harufu. Afisa akauliza kama tuna gilasi ya maji safi. Tulikuwa nayo. Akatuelekeza tukate kipande chembamba penye lile duara, tukishikilie juu ya maji kiguse tu, tusitikise. Mama alikishika. Mwanzo hatukuona kitu, halafu uzi mweupe ukaanza kushuka ndani ya maji, mwembamba, ukijikunja kama moshi unaokwenda chini.

"Mama, unaona kama maziwa inashuka?" afisa akauliza.

"Naona."

"Usipande. Huo ni mnyauko. Ukiingia kwa udongo utakaa miaka, na viazi hutapata."

"Hata nikichagua zile nzuri?"

"Hata hizo. Usizipande, usiwape ng'ombe, usizitupe mtoni. Huo ugonjwa hutembea na maji. Mambo ya mbegu ingine niachie, nitapigana na kampuni hapa. Lakini kwanza hebu mniambie, hapo kwenye mfumo wenu, ni nani mwingine ameandika hivi?"

Hapo ndipo mama alipoketi. Mkubwa wetu akasema hizo ni data za mteja. Nilifungua yale malalamiko yaliyofungwa, nikaanza kuyasoma, na nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kuyasoma. Mbegu inanuka. Mbegu imelainika kama ndizi. Nimeambiwa pole lakini sijaelewa. Tafadhali mtu apige simu. Chini ya kila moja, kwa rangi ya kijani: limeshughulikiwa.

Nikapiga nambari ya lalamiko la juu kabisa. Akapokea mwanamume, nyuma yake mbwa wakibweka.

"Nani?"

Nikajieleza: sisi ndio wa ule mfumo wa malalamiko ya mbegu.

"Aaa, watu wa pole! Sasa?"

"Zile mbegu ulizoandika zinanuka, bado unazo?"

"Nilishapanda. Si mliniambia imeshughulikiwa? Nikajua mmeangalia mkaona iko sawa."

Nikamuuliza shamba lake liko wapi hasa. Alipolitaja, mama akasimama.

"Huyo ni wa juu yangu," akasema. "Maji yake ndiyo hushuka kwangu." Akachukua simu mkononi mwangu. "Jirani, ni mimi wa hapo chini. Hizo viazi zimeota? … Bado? Sawa. Kesho asubuhi nakuja na jembe, na mashemeji zangu. Tunafukua zote. … Najua umechoka. … Hapana, hawa usiwangoje. Chimba mtaro leo, maji yasishuke."

Alinirudishia simu. Akaaga kwa kichwa na kushika njia ya ngazi, kiroba akakiacha pale sakafuni. Mkubwa wetu akamwita, "Mama, umesahau mzigo wako!"

"Hizo ni zenu," akasema, na gambuti zikashuka.

Mkubwa wetu alisimama akikitazama kiroba. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyepata suluhisho, akaniambia niandike ujumbe mmoja wa kuwaonya wote, utumwe mara moja, tumalize. Kama wakulima wangekuwa bado wanatuamini, ningemwambia wazo ni zuri. Nikamweleza, na nilijitahidi kueleza vizuri kama ninavyowaeleza wanafunzi, kwamba nambari ile imewatumia watu pole hadi hawafungui tena ujumbe wake. Ujumbe wa kweli ukitoka huko utasomwa kama ile mingine. Itabidi tupige simu, mtu kwa mtu. Akasema ni kazi ya siku nzima. Nikasema ndiyo, ni kazi ya siku nzima.

Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango kwa ajili ya harufu.

Mwenzangu alikunja karatasi ya chipsi, akaitupa, akafungua dirisha. Akapangusa mikono kwenye suruali, mbele na nyuma. "Nipe wa Molo," akasema bila kunitazama. Nikamsomea nambari. Nilimsikia akisalimia, akijieleza vibaya, akijieleza tena.

"Mathe, hizo mbegu," akauliza, "ulizipanda?"

Akasikiliza kwa muda mrefu, kichwa chini. Kisha akaniomba kalamu.