Jina la Nne Katika Mkataba wa Kinu

Asubuhi ya Jumatatu, nyuma ya nyumba za mawe mjini Amu, ngamia anazungusha kinu cha mafuta ya ufuta. Macho yake yamefunikwa kwa ukili uliosukwa, asije akashikwa na kizunguzungu. Ubavuni mwake Bwanamkuu anatembea pekupeku, ametega sikio kwenye gogo la kinu.

"Sikiza," anasema. "Likilia hivi, mafuta bado kuya. Likinyamaza, weka chombo."

Bwanamkuu, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, ameifanya kazi hii kwa miaka thelathini na miwili. Hupata shilingi tisini kwa mwezi, na chupa ya mafuta ya nyumbani. Ijumaa hii gogo litanyamaza kabisa. Mashine ya dizeli imekwisha kuletwa kutoka Mombasa. Itakamua madebe manane kwa siku, na ngamia hukamua mawili.

Asiyeijua Amu atauliza, basi hasara iko wapi? Mwandishi wa habari hii alikulia mtaa wa pili, akiamshwa na mlio wa kinu hicho. Tulikuwa tukipita na kipande cha mkate, tukidondoshewa mafuta yangali vuguvugu. Utamu ule haujanitoka, na sioni haya kusema kwamba nina huzuni.

Miezi miwili iliyopita mwenye kinu, Bwana Ridhwani, alitangaza kwamba mashine inataka mtu mmoja tu. Ngamia angeuzwa kwa wachinjaji. Chama cha wafanyakazi kikamtuma Crispus, karani mpole kutoka bara, aje kuwatetea. Kwanza aliomba majina ya wote wanaofanya kazi kinuni.

"Nikamwambia: mimi, Amini, Jeilani na Saburi," anasimulia Bwanamkuu. "Aliuliza wafanya kazi, nami sikumficha hata mmoya."

Mazungumzo yalikwenda siku tisa. Tajiri alishikilia lake, wafanyakazi nao wakagoma wiki ya Maulidi, mji ukakosa mafuta. Bi Tima, muuza vitumbua, alimfuata Bwana Ridhwani hadi mlangoni akamgombeza mbele ya wageni wake. Kesho yake tajiri alitia sahihi: wote wanne walioandikwa watabaki kazini mpaka uzee uwatoe.

Ndipo akauliza huyu Saburi ni nani, mbona hamjui.

"Ndiye avutaye kinu," Bwanamkuu akamjibu.

Crispus anakiri aliona aibu. "Nilidhani ni mzee mgonjwa," anasema, "maana hakuja mkutanoni hata siku moja."

Bwana Ridhwani alikunja uso, kisha akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Sahihi ni yangu," alisema. "Basi na ale mashudu yake."

Kuanzia Ijumaa Bwanamkuu atajaza mafuta madebeni. Kinachomkosesha raha ni kingine. Wiki iliyopita alimpeleka Saburi ufuoni Shela, akamfungua macho, akamwachia kamba. Pwani yote ilikuwa wazi mbele yake. Ngamia akaanza kuzunguka, akirudia nyayo zake mwenyewe mchangani, na Bwanamkuu akasimama pale akilia.

Sasa ana mpango. Kila alasiri, akitoka kazini, atamshika kamba amwongoze ufuoni, moja kwa moja, hadi azoee.

"Nataka nimfunde ndia ilonyooka," anasema, akimpapasa shingo. "Na miguu yangu niifunde papo hapo. Jana nalitoka msikitini, nikaizunguka nyumba yangu mara mbili kabla ya kuingia."