Hema Juu ya Lami

Dada yangu ni mwoga. Silisemi kumtukana, ndiyo kazi yake. Anakodisha mahema na viti, na mtu wa mahema asiyeogopa upepo hafiki mbali. Mtaani wanamwita Mama Turubai. Ana hema kubwa moja la sherehe, dogo moja la kusaidia, na viti vya plastiki vilivyopangwa stoo mpaka vimeziba dirisha. Biashara hiyo aliianza na mumewe. Shemeji alipofariki, ndugu wakamshauri auze kila kitu. Akawajibu kwamba viti havili wala havinywi, atakaa navyo.

Kwenye harusi za watu, wakati wengine wanakula na kucheza, yeye yuko nje anatazama matawi ya miti. Mimi nina saluni, kazi yangu ni vichwa, sina habari na mbingu, kwa hiyo nimemcheka miaka mingi. Nilikuwa nikimwambia kwamba hata kuanika nguo ya ndani lazima kwanza aombe ruhusa kwa mawingu. Hucheka kidogo, halafu anarudi kukaza kamba. Aliwahi kuona hema la mtu mwingine likinyanyuka kwenye sherehe, na mguu wake wa chuma ukampiga mzee mmoja begani. Anasema aliusikia mfupa ukivunjika. Tangu hapo kila fundo analifunga mara mbili, na akishamaliza anarudi kulihakiki.

Mwaka huu kamati ya mtaa wetu, huku pembezoni mwa mji, iliandaa siku ya maonyesho. Wenye biashara ndogo ndogo walipewa meza chini ya hema dogo. Chini ya hema kubwa vikapangwa vitu vya zamani vya majirani: redio za mbao, cherehani ya mkono, saa za ukutani zilizokufa, na picha za harusi za watu ambao siku hizi wanatembelea fimbo. Mama yetu aliombwa akae hapo na pasi yake ya mkaa awaeleze watoto wa shule jinsi ilivyotumika. Miguu ya mama haina nguvu tena, kwa hiyo majirani walimbeba na kiti chake. Alipowekwa mahali pake akaniita karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama watu watatozwa kiingilio cha kumwona.

Shida ilikuwa ni uwanja wenyewe. Ni wa kuegesha magari, lami tupu kutoka ukuta mpaka ukuta. Kwenye udongo dada hupigilia vigingi vya chuma na kulala usingizi, lakini mwenye uwanja alikataa lami yake itobolewe hata tundu moja. Njia inayobaki hapo ni mapipa. Kila mguu wa hema unafungwa kwenye pipa lililojazwa maji mpaka shingoni. Pipa likijaa, wanaume wawili hawalisogezi. Likiwa tupu, mtoto analiviringisha kwa mguu.

Mapipa yalijazwa asubuhi na mapema, na muda si mrefu maji ya bomba yakakatika. Muuza chai, rafiki wa dada tangu wakiwa wasichana, akaja na ndoo yake akaomba maji ya kuoshea vikombe. Nilikuwepo. Nilimwona dada akilitazama pipa, kisha akimtazama mwenzake. Dada hajui kumnyima mtu.

"Chota moja tu," alisema. "Halafu basi."

Kisha akaondoka, maana alikuwa na viti vya kupeleka msibani mtaa wa pili, na msiba haungoji.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kwa sababu nilikuwa ndani ya hema kubwa na mama. Watu walikuwa wameona kwamba mwenye hema karuhusu. Muuza miche akachota ndoo moja asije akauza miti iliyonyauka. Mama wa chakula akachota moja ya sahani. Fundi baiskeli akachota ya kutafutia tundu kwenye tyubu. Wa kunawa mikono wakaja na makopo. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alichukua kidogo, kwa adabu kabisa, akarudishia kifuniko. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, ila walisahau kutuambia kwamba haba na haba hiyo hiyo hukausha pipa.

Alasiri dada akarudi. Nilimwona penye ukingo wa hema akitazama juu kabla hajatutazama sisi. Nyuma ya maduka mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi. Akasogea kwenye pipa la karibu kukagua kamba, na mkono wake ukaligonga bila kukusudia. Pipa likalia. Pipa lililojaa halilii. Akaligonga tena kwa vifundo vya vidole, akafunua kifuniko, akaenda la pili. La tatu aliliendea akikimbia. Aliponigeukia uso ulikuwa umempauka, midomo inamcheza, na hamu yote ya kumcheka ikaniisha.

"Mapipa hayana maji," aliniambia sikioni. "Tumtoe mama."

Nikageuka kutafuta wa kunisaidia kubeba kiti. Hapo hapo matone makubwa yakaanza kupiga juu ya turubai. Mvua ilikuwa imetuwahi, na watu wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: wakakimbilia hema kubwa. Walitoka kwenye meza zao, kwenye magari, kwenye kila kona ya uwanja, wakaja na watoto mgongoni na bidhaa vichwani. Kufumba na kufumbua hapakuwa na pa kuweka mguu. Mama na kiti chake wakazungukwa pande zote. Mwenyekiti wa kamati alikuwa na kipaza sauti, anawakaribisha kwa furaha na kuwaomba wabanane kidogo, hema ni kubwa, linatosha.

Dada akapenya mpaka kwake, akamsihi atangaze watu watoke waende kwenye vibaraza vya maduka. Mwenyekiti si mtu mbaya. Alimweleza kwa upole kwamba hema limekodiwa kwa ajili ya jua na mvua, na hawezi kuwatoa kina mama na watoto mvuani kwa sababu Mama Turubai ana wasiwasi wake wa kila siku. Waliokuwa karibu wakacheka. Dada akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti, mwenyekiti akakiinua juu. Ikabidi apige kelele kwa koo lake mwenyewe, na mvua ikaimeza sauti kabla haijafika popote.

Ndipo upepo wa kwanza ukaingia. Turubai likavimba juu ya vichwa vyetu, na mguu mmoja wa pembeni ukaachana na lami, juu kidogo tu, kama mtu anayejaribu kiatu, kisha ukarudi chini. Watu waliendelea kuongea. Mimi niliogopa, na sina namna nzuri zaidi ya kulisema. Nikamshika mama bega huku nikipima kwa macho chuma kile kikianguka kitamfikia au la. Kitamfikia. Muuza chai alikuwa amesimama karibu na mguu huo, naye aliuona. Akaweka birika chini, akapanda juu ya pipa, akalikalia kwa uzito wake wote na kufumba macho.

Dada akapanda juu ya meza ya maonyesho, katikati ya redio na picha za harusi. Mkononi alikuwa na kisu chake cha kukatia kamba. Nilidhani amerukwa na akili. Alikichoma kwenye turubai juu ya kichwa chake, akakivuta kwa mikono miwili. Turubai lililokazwa likishapata tundu hujimalizia lenyewe. Likapasuka kwa mlio mrefu mpaka ukingoni, na maji yote yaliyotuama juu yakamwagika juu ya maharusi kwenye fremu zao. Akarukia meza ya pili, akachana tena. Hema hilo ndilo lililosomesha wanawe. Alilinunua na mumewe, wakalishona viraka pamoja, na sasa alikuwa akilichana mbele ya mtaa mzima huku analia.

Watu walimlaani. Mwenye redio alimshika gauni amvute chini, mwingine akasema mwanamke huyu ameingiwa na shetani. Lakini hema linalovuja halina mgeni. Walichokataa kukisikia kwa masikio, walikisikia migongoni. Wakatoka wakikimbia, wakisukumana na kutukana, mpaka vibarazani. Tukabaki mimi na mama kwenye kiti chake, dada juu ya meza, muuza chai juu ya pipa, na mwenyekiti na kipaza sauti kilichokuwa kimeshazimika.

Halafu upepo wenyewe ukaja. Nililala juu ya mama nikamfunika kichwa. Kwa jicho moja nikaliona hema dogo, ambalo sasa halikuwa na mtu chini yake, likinyanyuka zima zima, miguu na kamba na mapipa yanayorukaruka nyuma yake, likapita juu ya ukuta. Vyuma vilianguka upande wa pili, kwenye yadi ya fundi matairi, kwa kishindo nilichokisikia kifuani. Namshukuru Mungu yadi ilikuwa imefungwa. La kwetu lilitetemeka. Upepo uliingia chini na kutokea juu kwenye yale matundu, vipande vya turubai vikapiga kama vinachapa mtu, mguu mmoja ukaburuta pipa lake, ukasimama. Nilikuwa nikiomba dua bila kujua nimefika wapi, naanza upya, nakosea, naanza upya.

Upepo ulipopita, mwenyekiti alitazama ukuta, akatazama juu kwenye matundu, maji yakimtiririka usoni.

"Si ungetuambia, mama," alisema.

Dada alishuka mezani taratibu, akaenda kwa muuza chai, ambaye alikuwa bado amekalia pipa na kurudia kwamba ni ile ndoo yake, ni ile ndoo moja.

"Niliyekuruhusu ni mimi," dada alimwambia. Kisha akainama nyuma ya pipa akatapika.

Wanaume wanne walirudi kumbeba mama. Mvua ilikuwa imekatika, upepo umekufa kabisa, hata jani halikutikisika. Dada aliacha hema lake pale pale lilivyo, akaja akaushika mguu mmoja wa kiti. Wale wanaume walimwambia hawahitaji msaada, anawachelewesha tu. Akaendelea kutembea nao, ameinama, ameukamata ule mguu kwa mikono miwili mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Niachie, mwanangu," mama alimwambia. "Mimi siruki."

Dada hakuachia.