Mafuta ya Bawaba kwa Jina la Mama

Nilibandika jina la mamangu kwenye chupa ya mafuta yaliyochacha, nikayapeleka shule yakapimwe mbele ya darasa zima. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo la kijinga kuliko yote, na mimi ya kijinga nimefanya mengi.

Mamangu hukaanga viazi vya karai barazani kwetu, Kuze, mtaa ulio karibu na Ngome ya Wareno, kuanzia alasiri. Ndiyo riziki yetu, hatuna nyingine. Nikitoka shule mimi humenya viazi, sufuria kubwa, huku nalalamika kama mzee anayeumwa magoti.

Mwalimu wa kemia alitaka kila mtu alete mafuta ya kupikia ya kwao, tupime hewa na moto vimeyaharibu kiasi gani. Unayatia dawa zake, yanageuka buluu nzito kama wino, kisha unadondosha dawa nyingine tone kwa tone mpaka buluu ipotee. Matone yakiwa mengi, mafuta yameharibika sana.

Mama alinijazia kichupa kutoka karaini. Kikanimwagikia mkobani nikiwa bado mlangoni. Hapo dirishani hukaa chupa ya mafuta makuukuu ya kupikia, ya kulainishia bawaba za mlango, yamepigwa jua tangu Ramadhani. Ningerudi ndani kuomba mengine. Nikaona uvivu. Halafu nikaona mzaha. Nikaandika: "Karai la Mama, Kuze."

Darasani nilidondosha mpaka mkono ukachoka, buluu haibanduki.

"Jamani," nikasema, "haya yalikaanga viazi vya Mreno, Ngome haijajengwa."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini. Mwalimu hakucheka. Aliandika matokeo, akayachora kwenye karatasi kubwa na kuitundika ukutani. Mstari wa mama ulikuwa mrefu kuliko yote. Siku ya wazazi mama hakuja, alikuwa na karai lake. Majirani walikuja, na kusoma wanajua.

Wiki hiyo hiyo watoto wa madrasa wakaanza kupita barazani: "Viazi vya Mreno vimeiva?"

"Mreno gani huyo wanayemtaja?" mama akaniuliza.

Nikasema sijui. Mimi, mwenye majibu ya kila kitu.

Mama Fauzia, jirani yetu, alikuwa akinunua kila siku. Akapita bila kusimama.

"Leo tumbo laniuma, dadangu."

"Jana pia lilikuuma," mama akamwambia.

"Basi bado laniuma."

Ndipo nikaenda kwa mwalimu nikasema yote. Akaniambia nilete mafuta ya kweli. Nikayaleta, nikayapima mbele ya darasa lile lile. Matone machache tu, buluu imekwenda. Mwalimu akatundua karatasi ya zamani, akatundika mpya.

Nikainakili, nikaipeleka mbio kwa Mama Fauzia. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Baba, mwana hamsingizii mamake. Ile ya kwanza ulisema kweli. Hii umemwonea huruma. Na wafanya vizuri, mhurumie."

Nikaapa. Akanipapasa kichwa. Nyumba ya pili wakaniambia hivyo hivyo, ya tatu wakanipa na maji ya kunywa. Kadiri nilivyojiita mwongo mwenyewe, ndivyo walivyozidi kuniona mwana mwema. Sijawahi kusifiwa namna ile, na kila sifa ilikuwa inamzika mama.

Wewe unayechekesha darasa, chekesha kwa jina lako. Jina la mamako usiliguse. Dawa ya kuondoa buluu nimeiona kwa macho yangu, dawa ya kuondoa kicheko midomoni mwa watu haipo maabara yoyote.

Jioni ile nilimweleza mama yote: kichupa, bawaba, Mreno. Viazi vilikuwa bado vimejaa kwenye sinia, vimepoa. Nilingoja kofi, wallahi nililitaka. Alizima moto, akafunika karai, akafuta mikono kwa leso. Kisha akasema, neno kwa neno:

"Kesho menya vya kula sisi tu."